Jina la Kumi na Tano

Jumapili, 16 Machi

Nimefika Pucarumi saa nane mchana. Kutoka barabarani ni mwendo wa saa tatu kupanda mlima, na mvua juu. Miaka kumi na tisa ya ualimu na bado wananitupa mahali ambapo hata punda wanachechemea! Mzee Evaristo, mwenyekiti wa kijiji, amenipokea kwa supu ya viazi vikavu na ufunguo wa shule. Shule ni chumba kimoja. Mwalimu ni mmoja — mimi — darasa la kwanza hadi la sita.

Ofisi ya wilaya imeniomba niwaandikie walimu wapya ukurasa mmoja wa ushauri wa kuanzia mwaka. Kwa kuwa mimi ni mkongwe, wamesema. Haya. Ushauri wa kwanza: fika siku moja kabla, ufagie darasa mwenyewe. Utajua mengi. Mimi nimejua kwamba kondoo walilala humo likizo nzima.

Rejista iko mezani, imeshaandikwa na mwalimu aliyehama. Majina kumi na tano, mwandiko mzuri.

Jumatatu, 17 Machi

Siku mbaya.

Ushauri wa pili nilikuwa nao kichwani tangu jana: siku ya kwanza usipandishe sauti, ita majina polepole, mtazame kila mtoto usoni. Nikaita. Nipo, nipo, nipo. Nikafika kwa Nayda, darasa la pili — na darasa zima likaitikia kwa pamoja: "Yupo!" Dawati la mbele tupu. Nikarudia jina. "Yupo!" Safari hii kwa nguvu zaidi. Nikasema, mnanijaribu? Yuko wapi basi? Maruja, msichana mkubwa wa darasa la sita, akajibu kwa upole tu: yupo, mwalimu.

Nilimtoa nje. Nikamsimamisha uani kwenye manyunyu hadi mapumziko. Hakulia, hakunung'unika. Nami nikajiona nimeshika usukani.

Jumanne, 18 Machi

Ee Mungu wangu. Nayda amekufa.

Mzee Evaristo amekuja kabla ya kengele, kofia mkononi. Ilikuwa Januari, mama yake akimpeleka sokoni. Mto wanauvuka kwa kikapu kinachoning'inia kwenye waya. Kikapu kikapinduka. Mama akashika waya, mtoto akaenda na maji. Walimpata siku ya nne. Miaka saba.

Nikamwuliza, sasa mbona wanasema yupo? Akanishangaa mimi! Hapa kila mkutano wa kijiji huanza kwa kuita majina ya waliouawa miaka ile ya bunduki, kaka yake mwenyewe akiwemo, na watu wote huitikia kwa ajili yao: yupo. Watoto wamekulia humo.

"Sisi hatumfuti mtu, mwalimu," akasema.

Nimemwomba Maruja radhi mbele ya wenzake. Akasema si kitu, nguo zilikauka. Nilitamani ardhi ipasuke. Waambie walimu wapya: kabla ya kuadhibu, uliza. Miaka kumi na tisa, na bado sijajifunza hilo!

Alhamisi, 20 Machi

Nimeusoma vizuri waraka wa ofisi ya wilaya uliokuja na rejista. Shule yenye wanafunzi chini ya kumi na tano inafungwa. Ninao kumi na wanne. Shule ya karibu iko ng'ambo ya mto, na cha kuvukia ni waya uleule.

Kwa hiyo lile jina si maombolezo tu. Au si maombolezo hata kidogo. Sijui.

Jumamosi, 22 Machi

Teófilo na Casilda, wazazi wa Nayda, walinijia na mayai na simbilisi wa kukaanga. Wana binti mwingine, Delia, miaka mitano, umri wa kuandikishwa shule bado. Nywele zake hazijawahi kuguswa na mkasi, zimefika kiunoni. Wakaniomba niwe mama yake mlezi, nikate shungi la kwanza mbele ya watu. Heshima kama hiyo mgeni haikatai. Nikakata. Makofi, vigelegele, pombe ya mahindi ikazunguka. Kuanzia leo Teófilo ananiita mzazi mwenzangu.

Delia ameshika sketi yangu siku nzima, maneno kama cherehani. Anataka kuwa dereva wa lori. Nimempenda, nakiri.

Wakati wa kuagana Casilda akasema: sasa wewe ni damu yetu, mwalimu, hutatutupa. Nikacheka. Sasa hivi sicheki. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni — yangu nimeifunga mwenyewe.

Jumatano, 26 Machi

Imetangazwa redioni: mkaguzi anakuja Jumatatu. Atahesabu vichwa, atalinganisha na rejista na vitambulisho.

Mkutano wa kijiji, ukumbi umejaa. Mzee Evaristo anasema kitambulisho cha Nayda kipo. Cheti cha kifo hakuna, Teófilo hajakwenda mjini kuandikisha. Nikasema, Mzee, huo ni uongo wa kuandikwa, nitafukuzwa kazi! Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Huyu kazaa kwa mkasi Jumamosi, leo keshamkana mtoto!" Wakacheka wote. Nikaungua.

Mzee hakucheka. "Mwalimu," akasema, "wewe unaogopa karatasi. Sisi tunaogopa maji."

Nikibanwa huwa mbaya. Nikawaambia wanamtumia mtoto aliyekufa kama nguzo ya kushikilia paa. Casilda alikuwa mbele yangu. Aliinuka, akaenda zake kuangalia kondoo.

Ulimi wangu huu!

Ijumaa, 28 Machi

Nimekwenda kuuona mto. Waya uko palepale. Kikapu kimefungwa upya kwa kamba ya nailoni. Nilikaa pale nusu saa nikijiambia nipande, nivuke, nijue. Mtu mzima, kilo sabini na mbili — sikuthubutu.

Ukurasa wa ushauri wameuulizia tena. Nimewaambia bado.

Jumapili, 30 Machi

Nimeamua. Kesho nitalikata lile jina kwa rula na wino mwekundu. Kisha nitamshika mkaguzi mkono hadi mtoni, auone waya kwa macho yake, na nitaomba kibali maalumu shule ibaki. Kwa ukweli, si kwa ujanja.

Nimekwenda kumwambia Teófilo. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, hicho kibali kinachukua muda gani? Miezi, nikasema. Na shule itafungwa lini? Mwezi ujao. Akaitikia kwa kichwa. Casilda akanifungia mahindi ya kuchemsha ya kula njiani, hata baada ya yale niliyosema. Hawakubishana. Ningependa wangebishana.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika upesi, mezani kwangu darasani. Watoto wako uani wanapanga mstari. Mkaguzi ameshuka farasi nyumbani kwa Mzee Evaristo, anapewa supu.

Rula iko hapa. Jina halijakatwa.

Teófilo amekuja sasa hivi na Delia. Amemvisha sare ya Nayda. Mikono ya sweta imepita vidole, kola imepigwa pasi. Amemkalisha kwenye dawati la mbele.

"Mzazi mwenzangu," akasema, "kumi na tano."

Nikasema, Teófilo, usinifanyie hivi. Akasema hanifanyii mimi, anawafanyia wale kumi na wanne walioko uani, ambao bado hawajavuka. Akatoka bila kungoja jibu.

Nikapiga magoti mbele ya mtoto. Nikamwuliza, mwanangu, unaitwa nani? Akatazama mlangoni kwanza. Nayda, akasema, na jina la ukoo, na darasa la pili, yote bila kukosea. Wamemfundisha usiku kucha, macho yamevimba. Kisha akanivuta karibu na kuninong'oneza sikioni.

"Mama mlezi, kwa hiyo aliyeanguka mtoni ni Delia?"

Nimemwambia angoje kidogo, naandika. Ndicho ninachofanya! Naandika! Na yeye anangoja, miguu haifiki sakafuni.

Supu imekwisha. Mkaguzi anakuja na mwavuli, Mzee Evaristo nyuma yake. Sasa yuko uani, anawasalimia watoto, wanamjibu kwa adabu. Anafuta matope kizingitini. Anasema tuanze na majina.