Nyuki wa Mama Wamekufa Mchana Kweupe

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana ya Mbao,
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Hujambo? Wifi na mapacha hawajambo? Kikohozi chako kimekuacha? Sisi tu wazima wa mwili, ila roho zinachemka.

Mwezi uliopita watu wa halmashauri walipulizia dawa shamba lao la alizeti. Saa nne asubuhi! Maua yamefunguka, nyuki wamejaa kazini, na hakuna aliyetuambia neno. Kufika adhuhuri nyuki walikuwa wanatambaa chini ya mizinga, mbawa zinatetemeka. Katika mizinga ishirini na miwili, mitatu tu ndiyo iliyopona. Mama alipiga magoti akawa anawazoa kwa viganja.

Nilikwenda kwa ofisa mifugo. Akanijibu huku anakoroga asali kwenye chai, “Dada, sheria inataja ng’ombe, mbuzi na kuku. Nyuki ni wadudu tu.”

Nikamuuliza, “Na hiyo asali unayokoroga, imetagwa na kuku?”

Akanionyesha mlango.

Basi Mama akajaza beseni nyuki wafu, akalipeleka kwenye kikao cha madiwani na kulitua mezani, juu ya makaratasi yao. Mwenyekiti akaagiza fagio. Unamjua mama yako. Alisema, “Wangekufa ng’ombe mngeleta daktari. Wamekufa nyuki, mnaleta fagio!” Ndipo yule mkulima wa matikiti, mbishi ambaye hajawahi kukubaliana na mtu, akasimama: maua yake yanapukutika bila kushika tunda tangu nyuki waishe.

Walibishana siku mbili. Mwishowe wamepitisha: nyuki wahesabiwe mifugo, dawa ipulizwe jioni nyuki wakisharudi, na wafugaji wapewe notisi siku tatu kabla. Lakini pole? Hakuna hata mmoja aliyetamka. Hilo sijalimeza.

Jana mpulizaji dawa alibisha hodi, kofia mkononi, na karatasi ya notisi ya kusaini. Mama aliisoma mara mbili, akasaini, akamshukuru. Mlango ulipofungwa, alilia kwa mara ya kwanza tangu nyuki wafe. Karatasi moja tu, mdogo wangu. Ndiyo iliyokosekana siku ile.

Mpigie Mama, asikie sauti yako. Shangazi na Babu Kinyozi wanawasalimu nyote. Mungu awafunike huko mliko.

Akupendaye hata akiwa na hasira,
Dada yako mkubwa