Neno Alilopewa Raiya

Jumamosi, 3 Februari
Presha ya Mama nzuri. Vidonge kameza. Miguu nimemkanda, nywele nimemsuka. Mwaka wa tisa huu, tangu Baba afariki nikamtoa mji wa Sur, nikamleta kwangu Ibra.

Saa nne kaja Raiya, binti wa kaka yangu, anasoma chuo Nizwa. Mwalimu wao kampa kila mwanafunzi neno moja la Kiingereza. Watafute maana zake za zamani, kisha waulize nyumbani kila maana inaitwaje. Yeye kapata "spring". Maji yanayobubujika ardhini: chemchemi. Chuma kinachojikunja ndani ya saa: kamani. Mche mchanga: chipukizi. Kitu cha kunasia ndege: tanzi. Hata kucha kwa siku Waingereza wa kale walikuita hivyo. "Mapambazuko," kasema Mama, macho yanang'aa.

Mimi nilikuwa jikoni. Kamani sijawahi kuisikia kinywani mwa Mama.

Jumamosi, 10 Februari
Kaja tena, anamrekodi Mama kwa simu. Anasema "maji hii", Mama anacheka. Mimi utotoni nikikosea hivyo nilikuwa nafinywa sikio.

Leo wamefikia maana nyingine ya "spring": bamvua. Siku ambazo bahari hujaa mno na kutoka mno. Mama kamsimulia jinsi alivyoshuka pwani ya Unguja siku ya bamvua, kabla hajahamia huku, na dada yake mdogo, Salma, kuokota chaza. Salma akakatwa mguu na jiwe. Mama akambeba mgongoni mpaka nyumbani. Mwaka ule ule Salma akafa kwa homa.

Nina miaka hamsini na moja. Sikujua kama Mama alikuwa na dada.

Jumatatu, 12 Februari
Nina wivu. Na mtoto wa miaka ishirini. Basi, nimeliandika.

Alhamisi, 15 Februari
Raiya kapiga simu. Jumatano chuoni kuna maonyesho, kila mwanafunzi aje na mtu aliyemsaidia. Anamtaka bibi yake akae kiti cha mbele. Mimi hakunitaja.

Nikamwambia daktari kamkataza Mama safari. Na maongezi marefu pia, yanampandisha presha. Asije kwanza.

"Samahani, shangazi. Wallahi sikujua."

Daktari hajasema lolote. Nilijisikia vizuri. Mpaka alasiri.

Jumamosi, 17 Februari
Mama kavaa kanga mpya tangu asubuhi, kakaa ukumbini anautazama mlango. Adhuhuri kauliza, "Raiya kaudhika nami?" Nikasema ana mitihani. Wali kaugusa tu.

Jumanne, 20 Februari
Siku ya tatu Mama hali chakula vizuri. Presha imepanda kweli. Nimeitaka mwenyewe.

Jumatano, 21 Februari
Maonyesho leo. Ofisini nimeangalia saa siku nzima. Simu nimeishika mara mbili. Sikupiga.

Alhamisi, 22 Februari
Nimetoka kazini, nimekaa karibu na Mama bila mashine ya presha. Nikamuuliza Salma alikuwaje.

Alinitazama sana. "Kakwambia Raiya?"

"Niliwasikia. Nilikuwa jikoni."

"Jikoni ulikuwa. Hukuja kukaa." Kisha akasema, taratibu, "Miaka yote nangoja uniulize kitu. Wewe ukija, unakuja na vidonge."

Nikamwambia uongo wangu wote. Hakunigombeza. Kauliza tu maonyesho lini. Nikasema yalikuwa jana.

"Maskini mtoto," alisema, akageukia ukutani.

Nikampigia Raiya. Nikamwambia daktari hajakataza kitu.

"Nimesimama mbele za watu nikasema bibi yangu mgonjwa," alisema. "Nimelia, shangazi. Kumbe mzima."



Jumapili, 25 Februari
Mama anakula. Kwangu anajibu "ndiyo" na "hapana". Kaka yangu kapiga simu, kanisema. Haki yake.

Ijumaa, 1 Machi
Baada ya sala kaka kaja kula na Raiya. Raiya shikamoo kaitoa, uso kaugeuza pembeni. Nimepika pilau na kachumbari. Wamekula. Kaka kajilaza.

Nimebaki jikoni naosha vyombo ambavyo vilishatakata. Nawasikia ukumbini, Mama na Raiya, wanacheka. Wivu ule ule, hapa kifuani.

Mama kaniita. "Njoo ukae kitako. Vyombo havina miguu."

Nikasimama mlangoni, mikono inachuruzika maji. Mama alikuwa anasema Salma aliogopa kuku. Kila asubuhi lazima abebwe kuvuka ua. Simu ya Raiya ilikuwa mkobani, leo hakuwa akirekodi. Mkeka mdogo, wameujaza.

Raiya hakuniangalia. Alisogea kidogo.

Nikakaa.