Kente Inaitwaje?

Mke mwenzangu Rehema,

Hapa Barking tu wazima. Mume wetu, babu yako, anagombana na hita tu.

Umeuliza umshukuruje mama mkwe wako huko Kumasi kwa kente aliyokupa. Nikiwa nesi kijana hapa London, rafiki yangu Abena, Mwashanti, alinionyesha kente aliyoifuma baba yake kwa mkono. Nikaigeuza huku na huku nikitafuta jina, kama kwenye kanga. Abena akacheka.

“Halijaandikwa. Kila nakshi ina jina lake, lakini mpaka uulize.”

Nikauliza. Akaanza na jina, akaishia kwa baba yake, chai zetu zikapoa.

Sasa wewe usikimbilie asante. Muulize inaitwaje, halafu vuta kiti.

Mwenzio,
Bibi