Ugali wa Asubuhi

Alhamisi. Mvua imenikuta nikitoka zamu ya usiku, na njia ya kutoka kituo cha afya hadi ninapopanga hapa Nyamwaga ni utelezi mtupu. Nimefika na matope miguuni na hasira kifuani. Hasira juu yangu mwenyewe.

Jana nilimwomba nesi mwenzangu anipime presha. Iko juu. Akarudia, ikabaki juu. Bado sijafika thelathini, na mama yangu kule Singida hatembei tangu apate kiharusi.

Niandike ukweli. Tangu nipangiwe kukesha wodini, nashushia mandazi kwa soda ili macho yasifunge. Asubuhi Mama Ghati, mwenye nyumba wangu, ananipokea kwa ugali wa muhogo na nyama, kwani kwake aliyetoka kazini ni kama aliyetoka kulima. Nakula kwa adabu, nalala na shibe. Jioni nakula tena. Sare zimenibana. Juzi, nikiwafundisha wagonjwa wa presha kupunguza mafuta, mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama hayo yaliyopunguzwa kwao ndiyo ninayokula mimi. Wakacheka. Nikacheka nao.

Nikaenda kulia stoo.

Hapa kukataa chakula ni kumkataa aliyepika. Ndiyo maana nimekuwa nikimeza badala ya kusema.

Leo nimesema. Nimempa Mama Ghati shikamoo, nikaketi, nikamweleza yote: presha, mama, na kwamba mwili uliokesha unataka kitanda kwanza.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo nakunenepesha kama ng'ombe wa mahari?"

"Hapana, mama. Mkono unaopeleka tonge mdomoni ni wangu."

"Ungesema, mwanangu. Naamka gizani kukusongea, na shamba linaningoja. Niliogopa utakwenda kusema nyumba ya Mkurya ina njaa."

Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anamstahi mwenzake, na wote tulikuwa tunaumia.

Hakufurahi sana. Lakini amekubali kuniwekea mboga za majani na ugali kidogo nile nikiamka.

Soda ni juu yangu, hakuna wa kumsingizia. Leo naingia wodini na ndizi za kuchemsha na chupa ya maji. Jumatatu nitapima tena. Ikiwa bado iko juu, nitavua sare, nipange foleni na wagonjwa, nianze dawa.