Leso Nyekundu ya Butere

Jumamosi, Julai 1957

Manyunyu tangu asubuhi na baridi ya kuuma vidole, lakini niliamka nikiimba. Mwenye duka pale mtaa wa Bazaar amekubali mikoba yangu. Ataiweka dirishani, mabibi wa Kizungu wa Hurlingham wakishuka kwenye gari waione. Jumatatu niipeleke yote.

Sikushangaa. Nashona vizuri, na najua nashona vizuri.

Mume wangu Ezekia ni gadi wa treni, na kwa pasi yake ya reli nimefika Mombasa, Kisumu, hata Kampala. Majirani zangu hapa landhi ya Muthurwa, nyumba za wafanyakazi wa reli, wakisafiri hurudi na samaki au ndizi. Mimi narudi na nguo kuukuu: leso za kujifunga zilizofuliwa mpaka zikalainika, sari iliyochanika, pazia la hoteli iliyofungwa. Wananicheka. Wacheke. Nguo mpya bado haijui kukaa mkononi, kuukuu imeshazoea watu.

Mkoba uliopendeza kuliko yote, ule mwenye duka alioushika mara mbili, ulitoka kwenye leso nyekundu ya mama mkwe. Tulipokuwa tukiondoka kwao Butere mwezi uliopita alinitia leso hiyo mkononi pale stesheni, imekunjwa, bila neno. Nikajua hata yeye sasa amesikia habari za kazi yangu. Nilifurahi njia nzima, na tulipofika nikaikata.

Leo mchana wifi yangu Loisi, ambaye ni yaya huko Kileleshwa, alipata nafasi ya kuja kunywa chai. Akauona ule mkoba ukutani. Akaweka kikombe chini.

"Hii leso ndiyo ilitubeba sisi wote," akasema. "Mama alikupatia ya mtoto, wifi. Si ya mkoba."

Nilikaa kitako kitandani.

Loisi akanieleza kwamba mama yao hamuulizi mke wa mwanawe kama ana mimba. Anatazama tu, kisha anatoa nguo ya kubebea. Na mimba ninayo, bado changa, hata Ezekia sijamwambia. Yule mama aliona kabla yetu sote, nami nikadhani anasifu sindano yangu. Nililia, kwa nini nifiche. Loisi naye akalia, halafu akauliza mama akija baada ya mavuno nitamwambia nini.

Wazo la kwanza lilikuwa baya. Ninunue leso nyingine nyekundu, niifue mpaka ichakae. Nikalitupa. Macho yaliyoona mimba yangu chini ya gauni, yashindwe na leso?

Nikachukua wembe nikafumua mkoba wote. Nikatandika vipande sakafuni, palipopungua nikaunga leso ya Mombasa, na pembeni nikatia ukanda wa sari ya Kisumu ili fundo lishike. Nimerudia kila mshono mara mbili, kama ninavyoshona mishikio ya mikoba. Loisi akanifunga mfuko wa unga mgongoni kwa leso hiyo. Nikatembea chumbani, nikainama, nikafagia. Haikulegea hata kidogo, na tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwenye duka atanuna Jumatatu. Anune. Mikoba mingine ipo, na ni mizuri.

Ezekia amerudi sasa hivi, anavua buti mlangoni. Nitamwambia yote, mimba kwanza, mkasi baadaye.

Na mama mkwe akija sitaificha leso wala kuigeuza upande mzuri. Nitamtandikia hapa kitandani aone nilipokata na nilipounga. Halafu nitamwomba anionyeshe namna ya kumfunga mtoto mgongoni asidondoke. Mimi ni kitindamimba wa kwetu, sikupata mdogo wa kubeba. Kushona najua, hilo sijui.