Kachumbari ya Kaka Mrisho

Kariakoo, Dar es Salaam

Kaka yangu Mrisho,

Shikamoo. Assalaam aleikum wewe na wifi yangu Maimuna, na umbusu Ummy mashavu yote mawili kwa niaba ya shangazi yake. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima huko Bagamoyo, na lile bega linalokusumbua wakati wa mvua liwe limetulia. Mimi namshukuru Mungu, nakula, nalala, nafanya kazi. Ungeniona leo asubuhi nikisukuma chapati usingedhani ndiye yule mliyemjadili kwenye kikao cha ukoo kwa Baba mdogo Kitwana, ameketi katikati yenu kama mwizi wa kuku.

Nimeandika kwa sababu simu zangu unazikata. Barua utaisoma mpaka mwisho. Nakujua, huwezi kuacha kitu kabla hujajua kimeishaje.

Hujawahi kuniuliza ilivyokuwa siku ile nilipoanguka, kwa hiyo nitakueleza. Nilikuwa kwenye genge letu pale Mchikichini, nampakulia mteja maharage, nikaona mkono wangu wa kulia unacheza wenyewe. Nilipozinduka nilikuwa chini, na Mbaruku muuza viatu ameniwekea kiatu cha mtumba puani, eti ndiyo dawa ya kifafa. Miguu iliyovaa kile kiatu huko kilikotoka Mungu anaijua. Watu walishaamua kwamba nina jini. Ni Angelina, mwenzangu wa genge, aliyewafukuza wote na kunipeleka hospitali.

Huko nilipigwa picha ya kichwa. Daktari Violeth alinionyesha kidoa kwenye ubongo, pembeni kumevimba, akasema ni mtoto wa tegu, yule mnyoo wa nguruwe. Nilimwambia kwa hasira kwamba mimi ni Mwislamu, sijaonja nguruwe tangu nizaliwe. Alijibu kwamba hana shaka na hilo, maana anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva ndiye anayepata tegu mkubwa tumboni. Mayai hutoka na choo chake, na asiponawa vizuri huyapeleka kwenye chakula cha wengine. Wanaokula mayai hayo ndio wanaopata watoto wa tegu kichwani. Kwa hiyo mmoja hula nyama na mwingine huanguka sokoni.

Nilimuuliza mbona miaka yote sikuumwa. Alisema mwili una kinga yake, lakini mdudu huyu anajua kuipumbaza, anatoa vitu vyake vya kuituliza isimtambue. Mimi nikaona ni kama mpangaji mjanja wa huku kwetu, anafagia uwanja kila asubuhi ili mwenye nyumba asimuulize kodi. Anakaa hivyo hata miaka. Akianza kufa ujanja unamwishia, kinga inamgundua na kumvamia, na ugomvi wao ndio unaovimbisha ubongo. Basi sikuangushwa na jini, kaka. Mwili wangu ulikuwa umeshtuka kwamba kuna mtu ndani na unamtoa. Hata dawa walinianzishia ya kutuliza uvimbe kabla ya kumuua mdudu, maana kinga ikipigana kwa hasira inaweza kubomoa nyumba yenyewe. Nameza pia vidonge vya kuzuia kifafa, na sitaviacha kwa ajili ya mafusho ya mganga yeyote, awe wa Bagamoyo au wa mwezini.

Sasa nirudi kwenye kikao. Ulisimama mbele ya ukoo ukasema nimelishwa haramu na Angelina, kwamba nitubu, nivunje ubia naye, nije kwako nipungwe jini. Shangazi wote wakaitikia. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Angelina anakula nini. Mliona Mkristo wa kusini, mkamaliza. Angelina ni Msabato, kaka. Nguruwe kwao ni najisi kama kwetu, hata sufuria iliyopikiwa haigusi. Ijumaa ananishikia genge nikaswali, Jumamosi namshikia akasali. Siachi genge, simwachi Angelina, na kupungwa siji. Nimeshasema, na ukoo ukitaka kunitenga unitenge, nitaendelea kupika.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Daktari alitaka watu wote walioshika chakula changu wapimwe choo. Angelina alikuwa wa kwanza, na hakuwa na kitu. Mimi pia tumboni sina kitu. Amebaki mtu mmoja. Mwaka ule mkiwa bado Dar, maji ya Jangwani yalipoingia nyumbani kwako mkaja kukaa kwangu, nani alikuwa anatukatia kachumbari kila siku, akijisifu kwamba Dar nzima hakuna anayekata kitunguu chembamba kama yeye? Ni wewe, kaka yangu. Tena mwaka huohuo nilipeleka chapati za oda kwenye baa moja, nikakuona uani na sahani ya kitimoto, nguruwe yule yule, na ndizi. Hukuniona. Sikumwambia mtu, hata mama mpaka anaingia kaburini. Hayo ni yako na Mola wako, na pale kikaoni, ulipokuwa unanitubisha, bado nilikusitiri. Iliniuma, Mrisho. Iliniuma kuliko kuanguka.

Ningenyamaza mpaka leo. Lakini juzi wifi alinipigia, maskini, hana analolijua, akaniuliza dawa ya chango. Aliniambia unatoa vipande vyeupe chooni, bapa kama tambi pana, na kwamba unameza mbegu za papai na kusema si kitu. Najua husikii kuumwa. Hata wangu nilikaa naye miaka nisimsikie.

Nilimweleza daktari bila kutaja jina. Alisema huenda ni tegu wa ng'ombe, huyo mayai yake hayaendi kichwani kwa mtu. Kipimo ndicho kitakachosema. Ikiwa ni wa ng'ombe, nitakuja mbele ya ukoo nikupigie magoti. Ikiwa ni yule mwingine, dawa yake ipo na inamtoa, na hakuna atakayejua kwa mdomo wangu. Sitaki mtu aniombe radhi. Angelina ndiye utakayemwomba, kwa mdomo wako, pale pale gengeni.

Ila nenda kesho. Wifi ameniambia Ummy hali mpaka wewe umfinyangie matonge kwa mkono wako. Nilipolisikia hilo, hasira yote iliniisha, nikabaki na hofu tu. Nawa kwa sabuni, usikate kitunguu cha mtu, na mpaka majibu yatoke usimlishe mtoto kwa mkono.

Wasalimie wote, na Angelina anakusalimu ingawa sikumwambia akusalimu. Ndani ya bahasha utakuta kijiko kidogo cha rangi ya waridi. Ni cha Ummy. Mwambie shangazi kasema aanze kukitumia leo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, na nisiyetoka Mchikichini,

Tatu