Saa Moja na Dakika Ishirini na Tano

S.L.P. 412,
11 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kibonge,

Salamu kwanza, maana hata nikichukizwa sijasahau adabu. U hali gani? Mkeo na mapacha wazima? Kile kifua kimepoa? Mimi nipo. Miguu inavimba kwa kukanyaga cherehani, lakini kazi inakwenda.

Mama ndiye hali yake si nzuri. Daktari wa macho amesema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia limebakiza miezi michache tu. Mama hakulia. Alisema anataka kuuona uso wako kabla giza halijamfika. Na kwa kuwa siku zote umetuambia huko ni safari ya siku mbili, ndege tatu na kulala kiwanjani, akasema basi tutakufuata sisi, tubebe na mto wa kulalia.

Jumatatu nikampeleka ofisi ya tiketi, ile iliyo juu ya duka la viatu. Mama akamuuliza binti wa tiketi kama usiku atapata mahali pa kujinyoosha.

"Usiku gani, mama?" Binti akatazama kompyuta yake. "Kutoka kiwanja chetu hadi cha huko ni kilomita mia nane na arobaini. Saa moja na dakika ishirini na tano, moja kwa moja. Ndege ipo kila siku isipokuwa Jumapili."

Nikamwambia atazame tena. Akatazama, kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe.

Kibonge, hapo hapo nikaikumbuka siku ya msiba. Baba alipofariki nilikupigia saa mbili asubuhi. Tulimzika saa kumi jioni. Ulilia kwenye simu kwamba hata ukiondoka dakika ile hutawahi, nami mjinga nikakubembeleza. Kumbe ungeweza kunywa chai kwako, ukala cha mchana na sisi, na kaburi ukalichimba kwa mkono wako. Miaka sita nimewaambia watu, "Mdogo wangu yuko mbali." Leo maneno hayo yananinuka mdomoni.

Tulipofika kwenye ngazi mama alisimama. Akasema, "Labda siku hizi ndege zimeongezwa mbio." Hata kwa hilo anakutetea. Nilimshika mkono tukashuka, nikashindwa kumtazama.

Tunakuja Ijumaa tarehe 20. Tutatua saa nne na nusu asubuhi, na mama atasimama pale abiria wanapotokea. Ndege ya kurudi ni saa kumi. Tiketi zake ninazo. Usiniandikie majibu. Njoo kiwanjani. Usipokuja, tutakuwa nyumbani kabla jua halijazama, na uso atakaobaki nao mama ni ule wa ujana wako, ulipokuwa hujaanza kutudanganya.

Nisalimie shemeji. Mapacha waambie bibi yao amewafumia sweta za kijani kwa kupapasa. Mungu awalinde nyote, nawe akujalie haya.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kwa moyo huu uliochafuka.